Chumba Kidogo cha Ghorofa ya Saba

Gdańsk, 14 Septemba 1975

Zenon,

Sikuandikii kukujulia hali. Hali yako itakuwa nzuri tu, watu wa aina yako hawaugui.

Nakuarifu kwamba nimepeleka ombi ofisi ya ushirika wa nyumba nipewe kile chumba kidogo. Mahakama ilipotuachanisha ilikupa chumba hicho ukae, haikukupa ukitie kufuli kisha uhamie kusini. Tangu Pasaka hujalala humo hata siku moja. Ndani kuna skii zako, redio uliyoifumua matumbo ukashindwa kuirudishia, na uvundo. Mimi na Iwonka tunabanana kwenye kochi moja katika chumba kikubwa. Mtoto ana miaka tisa sasa, anarusha mateke kama punda. Naenda kuendesha tramu mbavu zinaniuma, halafu abiria wanalalamika kwamba nafunga breki kwa hasira.

Bi Pawlicka wa mlango wa pili kila akipita kibarazani huchungulia dirisha la jikoni na kuniuliza, "Vipi, yule mumeo alikufa?" Namjibu bado, lakini niko tayari kwa habari.

Njoo uchukue vitu vyako kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote. Usipokuja nitaviweka nje kibarazani, na upepo wa baharini unajua kugawa mali za watu.

Bogumiła Wrzosek


Dąbrowa, 28 Septemba 1975

Bogumiła,

Ulimi wako bado ni uleule, na mimi niliyeukimbia bado unanifuata kwa stempu.

Sikiliza vizuri. Jengo hilo refu lililopindapinda kama mawimbi nimelijenga mimi. Kila kipande cha ukuta kilichoning'inia kwenye winchi, mimi na wenzangu ndio tuliokipokea na kukisimamisha. Lilipopinda kulia nilikuwepo, lilipopinda kushoto nilikuwepo, katika baridi ambayo wewe ungelilia mama yako. Nyumba ile tulipewa kwa jasho langu. Tramu yako haikuleta hata kitasa. Sasa unataka kunifukuza kutoka kwenye kuta nilizozisimamisha?

Huku nasimamisha magorofa ya wafanyakazi wa kiwanda kipya cha chuma. Nchi inajengwa, na mimi nalala bwenini, wanaume wanne chumba kimoja, hatuna jiko, tunakula mkate mkavu na soseji baridi, kuoga ni kwa foleni. Hilo huliandiki kwenye maombi yako.

Na hilo ombi lako limechelewa. Nimeoa. Mke wangu anaitwa Lucyna, ni msusi wa nywele kutoka Będzin, na ana mimba. Bweni la wanaume haliruhusu wake, na mama yake hamtaki nyumbani. Atafika Gdańsk wiki ya pili ya Oktoba na kukaa katika chumba changu. Ni haki yangu kisheria, nimeuliza. Mpishe sehemu ya friji na nafasi ya kutundika koti, na uuchunge ulimi wako, yeye ni mtoto wa watu.

Zenon Wrzosek


Gdańsk, 5 Oktoba 1975

Zenon,

Nimeisoma barua yako mara mbili, nikadhani kuna ukurasa umepotea, ule wenye aibu.

Kwa hiyo mimi mtalaka wako nipike bega kwa bega na mkeo, kwenye jiko moja, ambalo tukisimama wawili mmoja wetu lazima atoe pumzi ndipo mwingine avute. Chama kimefuta mabwana, kimefuta mashamba ya masharifu, lakini uke wenza umetuletea wewe, tena kwa kibali cha ofisi ya nyumba.

Sote tutakuwa akina Wrzosek mlangoni. Mimi jina sibadilishi, ndilo lililo kwenye kitambulisho changu cha kazi na kwenye daftari za shule za Iwonka. Anayenitaka mimi atabonyeza kengele mara moja. Anayemtaka msusi wako atabonyeza mara mbili.

Nitampa rafu ya chini ya friji, ile inayogandisha maziwa. Jiko moja la gesi, lile la kushoto. Bafu ni baada yangu. Sitamtukana. Sitamwambia neno lolote, na utaona kwamba hilo ni baya zaidi.

Bogumiła


Gdańsk, 20 Novemba 1975

Zenon mpenzi,

Mbona hukuniambia? Ulisema katika nyumba yako kuna mpangaji mama mmoja mkorofi na mtoto wake, na kwamba watahama karibuni. Nilifika na masanduku yangu nikabonyeza kengele. Akafungua mwanamke mrefu mwenye sare ya tramu. Nikasema, "Habari za mchana, wewe ndiye mpangaji?"

Akaniangalia tumbo, akaniangalia uso, akasema, "Mimi ndiye mke wa kwanza. Futa miguu."

Zenon, nilikaa chumbani kwako nikalia hadi macho yakavimba. Humo hamna hata pazia. Dirisha linatazama kibaraza, na watu wa ghorofa nzima wanapita wakielekea kwenye lifti, kila mmoja anageuza kichwa. Nimetundika shuka.

Haniongeleshi. Siku kumi nzima hakunijibu salamu. Nikiweka sufuria jikoni naye anakuja kuosha kabeji kwenye sinki hadi maji yanaruka kwenye mafuta yangu. Basi nami nimeanza. Bi Pawlicka aliniomba nimkate nywele, nikamkatia jikoni. Akamleta shemeji yake. Sasa wanakuja wanawake wa kibaraza chote, wananiletea mayai, wananiletea kahawa. Juzi Bi Wrzosek alirudi kutoka zamu akakuta watatu wamekaa na rola kichwani. Akafunua sufuria yake ya supu.

"Nani ametia dawa ya nywele kwenye supu yangu?"

"Imeruka bahati mbaya," nikasema. "Kama yale maji ya kabeji."

Wanawake wale walicheka. Yeye hakucheka. Aliichukua sufuria, akaimwaga yote chooni, akaniachia sufuria niioshe. Sikuiosha.

Njoo Krismasi, tafadhali. Nahitaji watu wakuone ukiingia mlango huu na mimi.

Lucyna wako


Dąbrowa, 12 Desemba 1975

Lucynka, ua langu,

Machozi si mazuri kwa mtoto. Sikukwambia kila kitu kwa sababu nilitaka ufike kwa moyo mwepesi. Huyo mwanamke ni mtu wa kale katika maisha yangu, mchukulie kama fanicha iliyokuja na nyumba.

Krismasi sitaweza. Mpango wa mwaka lazima ukamilike, tunasimamisha kuta hata theluji ikianguka, na msimamizi amekataza likizo. Usitoke chumbani humo kwa muda mrefu. Chumba kisichokaliwa huchukuliwa, naye anakinyemelea kama paka. Kwa kukaa tu unanifanyia kazi kubwa.

Jambo jingine. Nitumie nakala ya cheti chetu cha ndoa na karatasi ya daktari kuhusu ujauzito. Nataka kutuingiza kwenye foleni ya nyumba za huku. Usijenge matumaini, foleni yenyewe ni ya miaka, lakini baba mwenye familia husikilizwa kuliko kapera. Zitume haraka, kwa rejesta.

Busu tumbo. (Sijui utafanyaje, lakini jaribu.)

Zenon


Gdańsk, 19 Machi 1976

Zenon,

Una mtoto wa kiume. Nakuandikia mimi kwa sababu yeye hawezi kukaa, na kwa sababu naitaka habari hii ikufike kwa mwandiko wangu.

Jana asubuhi nilikuwa navaa viatu niende kazini nikasikia kitu kinagonga ukuta. Nilidhani ananifanyia makusudi. Nikagonga mimi pia. Akagonga tena, taratibu. Nikaenda nikafungua mlango. Yuko chini sakafuni, ameshika mguu wa kitanda.

"Bi Wrzosek," akasema, "samahani kwa kelele."

Nilimwambia inuka. Akasema hawezi. Nikamwambia utaweza, hapa hutazaa, sakafu hii nimeipiga nta juzi. Lifti mbovu. Tumeshuka ngazi za ghorofa saba, amenitia kucha shingoni, na kila mtu kibarazani ametoka kutazama lakini hakuna aliyeshika hata mkoba. Simu ya barabarani imekatwa mkono wake. Teksi hakuna. Ikaja tramu, dereva ni mwenzangu wa zamu. Nikapanda mbele nikamwambia, "Usisimame popote mpaka hospitali." Hakusimama. Abiria wakapiga kelele kwamba wamepitishwa vituo vyao, mzee mmoja akasema atatushtaki. Lucyna ndiye aliyewajibu. Kwa maneno ambayo sikujua wasusi wa Będzin wanayajua.

Alizaa hata kabla sijamaliza kuwajazia fomu. Nesi aliniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikafikiri. Nikasema, "Jirani."

Mimi nitakatwa mshahara kwa kuchelewa zamu, na mwenzangu ameitwa kujieleza. Wewe ulikuwa wapi? Nilipiga simu bwenini kwenu kutoka ofisi ya tramu. Mlinzi aliniambia Wrzosek siku hizi haonekani sana pale. Haonekani, au mlinzi alikuwa amelewa?

Simpendi mwanamke huyu. Hasuuzi beseni, anaimba bafuni, na ameligeuza jiko langu kuwa saluni. Lakini mnyama anayezaa huwa na dume lake karibu, angalau linabweka.

Bogumiła


Dąbrowa, 11 Aprili 1976

Bogumiła,

Nilituma telegramu ya pongezi kwa mke wangu. Sihitaji mahubiri ya dereva wa tramu.

Mlinzi wa bweni ni mlevi, ndiyo. Na mimi niko kazini mchana na jioni, kwa hiyo sionekani. Kama kuna kosa katika hilo, limo katika mpango wa taifa. Ukirudi kunipigia simu bwenini nitakushtaki kwa kunisumbua.

Chumba kile ni changu, mtoto wangu yumo, na nakuonya usije ukamjaza Lucyna maneno. Ananiandikia barua ndefu za malalamiko kila wiki, lazima unampa wino. Leo ni Jumapili, siku pekee ninayopumzika. Nimeketi roshani hapa kwenye jua, supu ya bitiruti inachemka taratibu jikoni, na badala ya kufurahia kikombe cha chai nalazimika kuijibu sumu yako. Huna mume, basi unataka kila mtu asiwe na amani.

Mwambie Iwonka asome kwa bidii.

Zenon


Gdańsk, 18 Aprili 1976

Zenon,

Bweni la wanaume wanne, lisilo na jiko, lina roshani tangu lini? Na supu inachemka jikoni kwa nani?

Nasubiri jibu.

Bogumiła


Będzin, 22 Agosti 1976

Bi Wrzosek,

Nakuandikia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwandikia. Usicheke. Au cheka, lakini soma mpaka mwisho.

Ulipoliweka swali lile la roshani mezani mwezi wa nne, nilikwambia una wivu. Nilikwambia na mengine. Kisha barua zake zikapungua, zikakoma. Nilipokuaga wiki iliyopita nikasema nampeleka Radek aonwe na bibi yake, nilikudanganya. Nilikuwa nakwenda kumtafuta.

Bwenini waliniambia Wrzosek alihama tangu majira ya kuchipua. "Amepewa nyumba," mlinzi alisema, naye hakuwa amelewa. "Alileta vyeti, ana mke na mtoto, wenye familia walipewa kwanza." Akanielekeza. Ni mtaa mpya wote, magorofa yanafanana kama meno, hakuna njia bado, ni matope na mbao za kukanyagia. Nilibeba mtoto mkono mmoja na kigari mkono mwingine.

Ghorofa ya tatu. Kwenye kengele pameandikwa Wrzosek. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri anatuandalia. Kwamba anataka iwe zawadi ya ghafla. Nilisimama pale nikajitengeneza nywele.

Akafungua mwanamke aliyevaa aproni. Mnene kidogo, uso wa upole. Akaona mtoto akafurahi kweli.

"Lucyna, siyo?" akasema. "Ingia, ingia. Zenon amenisimulia. Mimi ni Kazimiera, napika kantini ya kiwanda. Ameniambia dada yake wa Gdańsk amepata mtoto na yule baharia aliyemkimbia. Pole sana, mdogo wangu."

Niliingia. Vyumba viwili na jiko, Bi Wrzosek, jiko lenye dirisha. Mapazia ya manjano. Akanikalisha, akanipa keki ya mbegu za popi. Nilikula. Sijui kwa nini nilikula. Zenon akaja kutoka kazini, akatuona wawili mezani, akasema, "A, dada, umefika." Bila hata kumeza mate.

Nikamwambia, "Kaka, mpokee mpwa wako." Nikampa Radek. Mtoto amefanana naye hadi masikio. Kazimiera akamtazama mtoto, akamtazama Zenon, halafu akaweka kisu cha keki mezani na kuanza kulia.

Nilimchukua mtoto nikatoka. Niko kwa mama. Mama ameniambia naweza kukaa hadi Jumapili, kwa sababu majirani wanauliza. Narudi Gdańsk Jumatatu. Nakuomba kitu kimoja tu, usinisemeshe nikifika.

Lucyna


Gdańsk, 25 Agosti 1976

Lucyna,

Usirudi.

Nakwambia wazi kabla hujanunua tiketi. Jana, baada ya kusoma barua yako, nilikwenda ofisi ya ushirika kabla ya zamu. Karani alinifungulia jalada. Jina la Zenon limefutwa katika nyumba hii tangu Machi, kwa ombi lake mwenyewe. Ilikuwa lazima alifute ili apewe ile ya huko, mtu hapewi mbili. Wewe ulikaa hapa kwa jina lake. Jina likitoka, nawe umetoka. Amekuacha ukilea mtoto katika chumba alichokwishakirudisha, na hakukuandikia hata mstari. Ningeweza kukutoa tangu mwezi wa tatu kama ningejua. Na nisingesita, usijidanganye. Hiki chumba nimekililia mwaka mzima.

Sasa futa kamasi usome. Ile nyumba ya Dąbrowa hakupewa Zenon. Kapera hapewi vyumba viwili na jiko lenye dirisha. Imetolewa kwa mke na mtoto. Cheti cha ndoa ni cha nani? Karatasi ya daktari ilikuwa ya tumbo la nani? Umemtumia mwenyewe kwa rejesta, nilikuona ukienda posta. Kwa hiyo umekwenda nyumbani kwako ukapewa keki kama mgeni, ukaaga ukaondoka.

Rudi kule. Nenda kwanza ofisi ya nyumba ya kiwanda na cheti chako cha ndoa na cha kuzaliwa Radek, ukiwa umembeba. Mbebe, usimwache kwa mama yako. Akilia usimbembeleze. Waambie unataka kuandikishwa kwenye nyumba yako leo hii. Kisha nenda ukabonyeze ile kengele, ingia, kaa. Kiti chochote. Akikutukana kaa. Akilia kaa, huwa analia vizuri sana, mimi nilishawahi kuamini. Huyo Kazimiera usigombane naye, amedanganywa kama wewe, na ataondoka mwenyewe.

Mimi umenikalia miezi kumi jikoni kwangu kama mwiba wa samaki kooni, nikashindwa na wewe. Mtu aliyenishinda mimi hawezi kushindwa na Zenon.

Vitu vyako nitavituma kwa treni ya mizigo. Rola moja imevunjika. Iliangukiwa na kiatu changu.

Bogumiła Wrzosek


Dąbrowa, 17 Oktoba 1976

Bi Wrzosek,

Mzigo umefika. Rola zilizovunjika ni tatu.

Ofisini walinizungusha. Karani wa kwanza alisema nirudi wiki ijayo. Nikakaa kwenye benchi, Radek akaanza kulia, nikamwacha alie. Korido ile inavuma kama pipa. Akatoka karani wa pili, akatoka na mkubwa wao, akauliza ni nani anachinjwa. Nikampa vyeti. Akafungua jalada akasema, "Lakini Bi Lucyna Wrzosek tayari anakaa pale. Mtu wetu alikwenda kukagua akamwona mke." Nikamwambia, "Aliyeonekana anapika kantini yenu. Mwulizeni kama amezaa."

Niliandikishwa kabla ya saa ya chakula.

Kazimiera alikuwa amekwishafunga mizigo. Hakunitazama. Mlangoni alisema, "Mapazia nimeshona mimi," akayashusha akaenda nayo. Sikumlaumu.

Zenon alijaribu kila kitu. Alipiga magoti, kisha alipiga meza. Akasema nyumba hii ameijenga kwa mikono yake, kila ukuta. Nikamwambia kaa basi ukutani. Nikahamia chumba kikubwa na Radek. Wiki mbili tukaishi hivyo, nikimpikia mtoto na nafsi yangu, yeye akinusa. Nikamwekea rafu ya chini ya friji. Sikumsemesha hata neno, na ni kweli ulivyomwandikia siku ile katika barua niliyoikuta kwenye droo yake, hilo ni baya zaidi. Ijumaa alirudi bwenini mwenyewe. Nimeomba talaka.

Nimepata kazi kwenye saluni mpya ya mtaani. Ni wewe uliyenifundisha kukaa nisipotakiwa, ingawa hukukusudia. Nasema ahsante, na sitasema tena.

Lucyna Wrzosek


Dąbrowa, 28 Novemba 1976

Boguś,

Ni mimi. Najua una haki ya kuichana barua hii, lakini wewe siku zote ulikuwa mtu mwenye moyo chini ya ile sare.

Nimefanyiwa unyama. Msichana nisiyemjua vizuri amenitoa katika nyumba niliyoijenga. Kiwandani wananicheka, kuna mtu ameandika "kaka" kwa chaki kwenye helmeti yangu. Mkataba wangu unaisha na mwaka. Nimekuwa nikifikiri. Mimi na wewe tulikuwa na miaka mizuri. Iwonka anahitaji baba. Kile chumba kidogo sihitaji hata kitanda, godoro linatosha. Ungeniandikia mstari mmoja tu kwenda ushirika, kwamba hukatai. Ningefika kabla ya Krismasi, na lifti naweza kuitengeneza mwenyewe.

Wako kama zamani,
Zenon


Gdańsk, 9 Januari 1977

Lucyna,

Rola zilikuwa mbili. Ya tatu ulikuja nayo ikiwa imepasuka, nilikuona ukiifunga uzi.

Zenon aliniomba chumba. Sikumwandikia mstari. Akaja bila kuandikiwa, siku moja kabla ya mkesha wa Krismasi, na sanduku na samaki hai wa mlo wa mkesha kwenye mfuko wa plastiki, mdogo anayepiga mkia. Alipobonyeza kengele nilikuwa naoga, Iwonka ndiye aliyekwenda. Nilisikia kila kitu kupitia ukuta, unazijua kuta hizi.

Alimwambia, "Nifungulie, binti yangu. Baba amerudi nyumbani."

Iwonka akamwuliza, "Utalala wapi?"

"Katika chumba changu kidogo."

"Ni changu," Iwonka akasema. "Kuna kitanda changu na meza yangu. Wewe unaweza kukaa jikoni mpaka mama atoke bafuni."

Hakusema kwa kiburi. Alisema kama anayemwelekeza mtu kituo cha kushuka. Nilivyotoka na taulo kichwani, Zenon hayupo, samaki yupo kwenye sinki. Bi Pawlicka anasema alikaa muda mrefu chini, amekalia sanduku kwenye theluji, akiliangalia jengo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ni refu, inachukua muda. Nimesikia amepanda treni kwenda kwa ndugu yake Olsztyn. Nilikuwa na maneno yote tayari, Lucyna, ya miaka mingi, nikakosa wa kumwambia. Hilo pia kaniibia.

Samaki tulimla. Alikuwa na miiba sana.

Baada ya siku mbili Iwonka akaanza kusumbua. Anataka kujua kama Radek ameshaanza kusimama, na meno yamefika mangapi, na kama bado anaogopa sauti ya bomba. Mimi sina muda na mambo hayo. Mwandikie yeye, si mimi. Anasoma vizuri, na barua zake humsomea mama yake kwa sauti.

Bogumiła